Filamu Huchaguliwa Kivulini

Hotuba kwa wapiga picha wa mtaani, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada, hamjambo. Ahsanteni kwa kuacha kahawa zenu barazani mkaja kukaa kwenye joto hili kusikiliza habari za filamu, kitu ambacho wengine wanadhani kilishasomewa hitima.

Swali nililopewa ni moja: kwa picha za mtaani, tununue filamu ipi ya nyeusi na nyeupe? Anayeuliza hivyo hutaka jina, na jina nitalitoa. Ila ushauri mwingi unaozunguka kuhusu jambo hili umeandikwa na watu wa miji ya mawingu, ambako jua linabembeleza na maji ya bomba ni baridi. Hapa kwetu jua la saa sita na nusu linasimama utosini, maji ya bomba yana nyuzi 27 au 28, na unayempiga picha ana ngozi nyeusi, kavaa kanzu nyeupe, kaegemea ukuta wa chokaa. Sababu zao si sababu zetu, hata pale tunapofika kwenye jina lilelile.

Msimamo wangu ni huu: filamu ya mtaani huchaguliwa kwa kivuli. Juani kila filamu inafanya kazi. Mtihani uko barazani, chini ya mwembe, ndani ya mlango wa duka, chini ya ukingo wa kofia.

Tuchukue mtaa wowote wa Ngamiani, barabara mojawapo kati ya zile za namba. Upande mmoja jua, upande wa pili baraza ina watu wanne wanacheza bao, na katikati anapita mtu na baiskeli, maana Tanga bila baiskeli si Tanga. Kanuni ya jua kali mnaijua: f/16 (tundu dogo la lenzi), na kasi ya shata ikaribiane na namba ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga. Filamu ya 100 inakupa 1/125 kwa f/16, ambayo ni sawa na 1/500 kwa f/8. Hapo huna malalamiko. Sasa geuza kamera barazani. Kivuli cha wazi kiko chini ya jua kwa stopu kama nne, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kwa f/8 ileile, 1/500 inashuka mpaka 1/30, na kwa 1/30 mguu wa mtu anayetembea unakuwa ukungu, na mkono unaosambaza kete za bao hauonekani kabisa. Ukifungua lenzi mpaka f/4 upate 1/125, unalipa kwingine: lenzi ya milimita 35 iliyowekwa mita 3 hushika ukali kuanzia kama mita 2.3 mpaka 4.2 tu, wakati kwa f/8 ilikuwa inashika kuanzia chini kidogo ya mita 2 mpaka mita 7. Mtaani huna muda wa kuzungusha lenzi. Ile nafasi ya kati ya mita 2 na mita 7 ndiyo riziki yako.

Filamu ya 400 kwenye baraza hiyohiyo inakupa 1/125 kwa f/8. Nayo si kasi ya kujivunia, lakini mchezaji wa bao anapatikana. Ndiyo maana naziondoa mezani FP4 Plus ya 125, Delta 100, T-Max 100 na Fomapan 100. Ni filamu nzuri mno, punje zake (chembe zinazounda picha) ndogo, ukikuza picha inapendeza. Ziwekeni kwa ajili ya majengo, milango ya nakshi na magofu ya Tongoni, vitu ambavyo havitembei.

Kwenye 400 jina la kwanza ni Ilford HP5 Plus. La pili ni Kodak Tri-X, ambayo wapiga picha wa habari wamekuwa wakiitumia katika mikanda ya milimita 35 tangu mwaka 1954. Tofauti ya hizi mbili ipo: Tri-X ina ukinzani zaidi kidogo wa nyeupe na nyeusi, HP5 Plus ni laini zaidi. Kwa jua letu nachagua ile laini. Ukinzani tunao wa bure, unashuka kutoka mbinguni kila siku. Hakuna haja ya kuununua tena dukani.

Mwenye mfuko mwepesi atazame Kentmere 400, inayotengenezwa Mobberley, Uingereza, kiwanda kilekile kinachotengeneza HP5 Plus. Inatosha kabisa kwa kazi ya mchana. Kasoro yake utaiona ukielekeza kamera kwenye taa au ukingo wa ukuta unaowaka jua: mwanga huzungukwa na kiwingu. Fomapan 400 ya Ucheki nayo ni nafuu, lakini msiipige kwa 400. Kwa dawa nyingi za kusafishia, kivuli chake kinataka 200 au 250, na utando wake, ule unaobeba picha, ukilowa ni laini, ukucha tu unauchana. Kwa maji yetu ya moto, hilo la pili linanisumbua kuliko la kwanza.

Kuna filamu mtashawishiwa kuzinunua kwa sababu zina neno la mtaani kwenye jina. Street Pan 400 ni mojawapo. Ina ukinzani mkali, na kivuli chake kinafunga mapema. Kwenye mji wa mawingu inatia uhai picha iliyolala. Hapa saa saba mchana itakupa ukuta mweupe na mtu aliyekatwa kwa mkasi kwenye karatasi nyeusi. Kama hicho ndicho unachokitaka, sawa, ni mtindo. Lakini usije ukasema filamu ni mbovu.

Nyingine ya kuikwepa kwa picha za watu ni filamu isiyoona nyekundu, kama Ortho Plus ya Ilford. Ngozi yetu ya kahawia hurudisha mwanga zaidi upande wa nyekundu kuliko samawati. Filamu isiyoona nyekundu inaukosa mwanga huo, na uso unatoka mweusi kuliko macho yanavyouona, kila kovu na kipele kikisimama. Kisutu chenye wekundu wake kitatoka karibu cheusi chote. Hata kwa filamu za kawaida, kumbukeni kwamba khanga nyekundu yenye maua ya kijani inaweza kutoka kijivu kimoja kitupu. Tazameni wepesi na uzito wa rangi, si rangi yenyewe.

Hapo wa mbele ananyoosha mkono, najua anataka kuuliza vichujio, vile vioo vya rangi vya mbele ya lenzi. Kichujio cha njano kinakula stopu moja, cha chungwa mbili, chekundu tatu. Mbingu inakuwa nzito, mawingu yanatoka, na ngozi inang'aa kidogo. Yote kweli. Lakini fikirini kivuli kinaangazwa na nini. Jua halikifiki, kinaangazwa na mbingu, na mbingu ni samawati. Kichujio cha njano kinazuia samawati, kwa hiyo kivuli kinapoteza zaidi ya ile stopu moja uliyoihesabu. Ukiweka chekundu, baraza yote inazama. Kwa Raskazone, bahari na mawingu, wekeni kichujio. Ngamiani kivueni.

Naja kwenye kipimo cha mwanga, na hapa nitakaa, kwa sababu roli nyingi zinazolaumiwa filamu zimeharibiwa hapa. Kipimo cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinachotaka ni kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye ukuta wa chokaa wenye mtu mbele yake, kitadhani mwanga umezidi, kitabana stopu mbili. Ukuta unatoka kijivu na uso unakuwa giza tupu. Ukija kuitazama negativu kwenye dirisha, pale penye uso utaona plastiki safi kama kioo. Hapo hapana habari yoyote. Kompyuta haiwezi kuchota maji kwenye kisima kikavu.

Dawa yake mnayo mkononi. Nyoosha kiganja chako kwenye mwanga uleule uliompata unayetaka kumpiga: yeye yuko kivulini, kiganja kiwe kivulini. Kiganja, hata cha mtu mweusi tii, kiko juu ya kijivu cha wastani kwa stopu kama moja. Kwa hiyo pima kiganja, kisha fungua stopu moja. Kama kipimo kimesema 1/250 kwa f/8, weka 1/125. Mgongo wa mkono usipime, maana hapo watu hatufanani. Fanya hivyo mara moja ukiingia mtaa, mara moja ukibadilisha upande, halafu kisahau kipimo. Ngozi nyeusi iliyopigwa sawasawa hukaa stopu moja au moja na nusu chini ya kijivu cha wastani, ikiwa na mng'ao kwenye paji na mashavu. Si lazima iwe nyeupe ili ionekane.

Siku za kaskazi, Desemba mpaka Machi, jua likiwa halina mchezo, nashauri HP5 Plus iwekwe 200 kwenye kamera badala ya 400, na muda wa kusafisha upunguzwe kwa asilimia 20. Stopu ya ziada inalisha kivuli. Muda uliopunguzwa unazuia kanzu isiungue. Mtaniambia nimewapa stopu mbili kwa mkono wa kulia nikachukua moja kwa wa kushoto. Kweli. Lakini filamu ya 100 nayo ukiitendea hivyo inakuwa 50, na bado ya 400 iko mbele. Masika, mawingu yakiwa mazito, rudini 400 na muda kamili. Msichanganye kwenye roli moja, kwa kuwa roli nzima inaingia dawani pamoja. Wenye kamera ndogo zinazosoma msimbo wa kaseti zenyewe, tafuteni kitufe cha kuongeza mwanga, wekeni jumlisha moja. Kazi ni ileile.

Usiku nitapita haraka. HP5 Plus inasukumwa mpaka 1600, yaani inapigwa kana kwamba ni ya 1600, kisha inasafishwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa muuza kahawa chini ya balbu moja, anzeni na 1/60 kwa f/2. Lakini kusukuma hakuongezi kivuli, kunaongeza ukinzani tu: kitakachoonekana ni mvuke, sinia na upande mmoja wa uso. Delta 3200, kwa vipimo vya Ilford wenyewe, ina kasi halisi ya 1000. Ni ghali, na filamu za kasi kubwa huharibiwa na joto mapema zaidi. Kwa Tanga sioni sababu ya kuiweka kabatini.

Kabatini nako kuna maneno. Roli zisizotumika zikae friji, ndani ya vikopo vyake vilivyofungwa. Ukitoa, iache saa moja mpaka mbili kabla ya kufungua kikopo. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu unaganda juu ya utando na utaona madoa ya duara picha nzima. Usiiache ndani ya gari. Ukishaipiga, isafishe ndani ya siku chache, maana picha iliyolala ndani ya filamu hufifia kwa joto. Na jamaa anayekuletea kutoka nje mwambie asiweke filamu kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono, hasa kwenye viwanja vyenye mashine mpya zinazozungusha miale. Zile zinaweza kuharibu hata ya 400.

Wanaojaza kaseti wenyewe wanajua kwamba mkanda wa mita 30.5 unatoa roli kama 18 za picha 36, na ndiyo njia ya nafuu ya kweli. Adui ni mchanga. Punje moja kwenye mdomo wa kaseti inachora mstari mnyoofu kutoka picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Mkiona mstari wa namna hiyo, msilaumu dawa. Pulizeni mdomo wa kaseti, futeni bamba la nyuma ya kamera, na kaseti iliyotumika mara tano au sita itupeni.

Sasa maji, jambo la pili lililonifanya nichague HP5 Plus. Majedwali yote yanaanzia nyuzi 20. Tanga hakuna nyuzi 20. Mtungi wa udongo husaidia bara, kwenye hewa kavu; pwani hewa imeshiba unyevu, mtungi unapunguza nyuzi chache tu. Watu wanatupia barafu ndani ya dawa, barafu inayeyuka, dawa inazimuliwa, picha inatoka nyepesi, lawama kwa filamu. Barafu iwekwe ndani ya chupa iliyofungwa, chupa itumbukizwe kwenye beseni lililobeba kopo la kusafishia filamu.

Mimi nasema msiikimbilie 20. Ukisafisha kwa 20 halafu ukasuuza kwa maji ya bomba ya 28, unaushtua utando, na unaweza kujikunja vijikunjo vidogo kama ngozi ya maziwa. Bora dawa zote ziwe karibu na joto la maji ya kusuuzia, tofauti isizidi nyuzi 4 au 5. Ukitaka 24, chukua mililita 820 za bomba zenye nyuzi 28, ongeza 180 za friji zenye nyuzi 6, umepata lita moja. Na nunueni kipimajoto cha maabara au cha jikoni. Cha homa hakifai, kinaanzia 35.

Joto likipanda, muda unapungua kwa kama asilimia 10 kwa kila nyuzi moja. Hapo ndipo penye mtego. HP5 Plus kwenye ID-11, dawa ya kusafishia ya Ilford, isiyozimuliwa, inachukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 28 inakuwa dakika 3 na kidogo. Muda mfupi hivyo haugawi dawa sawasawa: sekunde 15 za kumimina tayari ni sehemu kubwa ya kazi, na mbingu inatoka na mawimbi. Msishuke chini ya dakika 5. Njia ni kuzimua: sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji. Hapo muda wa nyuzi 20 ni dakika 20. Ukipunguza asilimia 20 kwa roli ya jua kali unabaki na 16. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 10 na nusu, kwa 28 ni kama 7. Zaidi ya hayo, dawa nyepesi inachoka haraka pale penye kanzu na ukuta, huku ikiendelea kufanya kazi polepole kivulini. Ni hicho tulichokuwa tunakitafuta tangu mwanzo.

Ila dawa iliyozimuliwa ikiwa kidogo mno inakufa kabla ya kumaliza. Kopo la roli moja la mililita 300 lingekuwa na mililita 75 tu za dawa yenyewe. Tumieni kopo la roli mbili, muweke roli moja, mimina 125 za dawa na 375 za maji. Ikishatumika imwagwe.

Hapa ndipo Delta 400 na T-Max 400 zinaponipa wasiwasi. Punje zao bapa zinatoa picha safi kuliko HP5 Plus, hilo halina ubishi. Lakini ukikosea nyuzi moja au nusu dakika, zinakuonyesha. T-Max pia inachosha mapema dawa ya kukazia, ile inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga, na ikitoka na rangi ya waridi ujue haijakazwa au kusuuzwa vya kutosha. Kwa mwenye kupika kwenye jiko la mkaa, chungu kinene kina huruma kuliko sufuria jembamba.

Wapo watakaosema: kuna XP2 Super, inayosafishwa kwa dawa za rangi, nyuzi 37.8, dakika 3 na robo. Wana hoja, tena nzuri. Tanga kupata nyuzi 38 ni kuchemsha birika. Kupata 20 ni vita. Nayo inavumilia kuzidishiwa mwanga kuliko karibu zote. Kama unayo dawa ya rangi iliyo hai, au maabara unayoiamini, ichukue. Sijaiweka ya kwanza kwa sababu dawa hizo zikishachanganywa hazikai sana, wakati ID-11 iliyojazwa chupani pomoni, bila hewa, inakaa miezi 6.

Mengine ni ya haraka. Dawa ya kukazia jaribuni kwa kipande cha mwanzo wa filamu: hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, kaza mara mbili ya hapo. Maji ya mwisho yawe ya betri, yale safi, si asidi, someni chupa. Kaushia bafuni baada ya kumwagia sakafu maji, feni ikiwa imezimwa. Negativu zitunzwe na vile vifuko vinavyokuja ndani ya viatu vipya, la sivyo ukungu utazila. Na bandarini msipige bila kibali.

Kwenye kopo hili ipo HP5 Plus iliyopigwa kwa 200, jana, Soko la Mgandini. Kipimajoto kinasema 27, kwa hiyo dakika 7 na sekunde 40. Nageuza kopo mara nne kwenye sekunde 10 za mwanzo, na mara nne kila dakika inapoanza. Nani ana saa yenye mshale wa sekunde? Haya, namimina.